Dirisha la Jikoni

Nililipwa paisa tano kwa kila kioo.
Hesabu ianzie hapo, binti,
kabla hujanivutia kiti na kunishukuru kwa kuja.

Kumbakonam, mtaa wa wafua shaba,
nyuma ya studio ya Ponnuchami: karai la maji moto,
magadi, brashi iliyonyonyoka,
na kreti za vioo vilivyosimamishwa kama vipande vya mkate.
Nilikuwa na miaka tisa. Picha zilikuwa kinyume,
meno meusi, nywele nyeupe,
nikadhani wote ni wazee, hata wachanga,
na kwamba wazee hawana haraka na mtu.

Ukikizamisha kioo, ngozi yake hulegea kwanza pembeni,
kama utando wa maziwa.
Kisha unaparuza.
Siku moja bibi harusi alibanduka mzima mzima,
akaelea juu ya povu na mkufu wake na maua yake.
Nikamtazama akijikunja.
Nikamwaga.

Ponnuchami hakuwa mtu mbaya, andika na hilo.
Filamu za plastiki zilikuwa zimefika,
wenye picha hawakurudi kumalizia deni,
mvua za mwezi wa Aippasi zilimwoteshea kuvu kabatini,
na fundi wa fremu alitaka vioo safi
vya kufunikia miungu ya kalenda.
Ndiyo maana ukiingia nyumba za mtaa wetu
ukamkuta Lakshmi amesimama juu ya ua lake,
anakutazama kupitia babu wa mtu.

Unaniuliza walikuwa akina nani.
Fomu yako ina nafasi: jina, kijiji, mwaka, ukoo.
Chumba hiki kina feni moja na kabati za chuma,
mna barua za makuli waliokwenda Penang,
kitabu cha madeni cha mfuma hariri,
majani ya mtende yaliyopakwa mafuta ya mchaichai
ili wadudu wayachukie.
Mimi sina hata jina moja la kukupa.
Nina idadi. Kreti thelathini na moja,
vioo ishirini na vinne kila kreti.
Zidisha mwenyewe. Mimi nilishazidisha, usiku, mara nyingi.

Mama yangu alipigwa picha mara moja tu,
na kaka yangu Velan pajani, kabla ya ndui.
Alilipa nusu.
Nusu ya pili hakuipata,
na hilo sikuambiwa mpaka nilipokwisha kuoa,
tukiwa tunakula, kama mtu aliyekumbuka chumvi.
Sikumwambia kazi niliyoifanya likizo ile.
Alijua. Yeye ndiye aliyekuwa akizipokea paisa.

Basi nimekuletea hiki. Kifungue taratibu, gazeti limegandia.
Si picha. Ni kioo cha dirisha la jikoni kwangu,
nilikiomba kwa Ponnuchami kiwe ujira wa siku ya mwisho,
kikakaa miaka hamsini na minne kikitazama migomba ya jirani.
Aliyeona kwanza ni mke wangu, Sornam:
wali unachemka, mvuke unapanda,
kioo kinaota ukungu, lakini si kote.
Pana mahali panakataa.
Bega. Pindo la sari. Kitu cha mviringo,
labda kichwa cha mtoto, labda chungu cha mapambo,
maana Ponnuchami alikuwa na chungu cha mapambo.
Kisha mvuke unakwisha
na dirisha linarudi kuwa dirisha.

Sisemi ni yeye.
Usiandike kuwa ni yeye.

Hunijibu, Thenmozhi.
Unaweka kalamu chini, unafunga mlango,
unachomeka birika la umeme kati ya masanduku,
chini kabisa ya bango lenye herufi nyekundu
linalokataza maji, chai na moto.
Unakishika kioo kwa kingo, mikono ndani ya glavu,
juu ya mdomo wa birika,
na tunangoja.